Anageuka Mwili Mzima

Jumamosi, 22 Machi 2025

Leo tumetimiza wiki moja! Nimenunua daftari hili kwa sababu furaha ikizidi lazima iwekwe mahali, la sivyo itamwagika. Mimi ni Valarie, mke wa Tom Oluoch. Nimeandika hivyo pia nyuma ya kalenda, mara tatu. Mke wa Tom Oluoch.

Niseme jambo ambalo sijamwambia mtu. Wanaume wengine ukiwaita wanageuza kichwa tu, tena nusu, kama wanaofukuza nzi. Oluoch wangu anageuka mwili mzima. Mabega, kifua na miguu vyote vinakuja pamoja, kama mlango unaofunguliwa wote. Nikiwa kwenye cherehani hapa barazani, yeye akipiga viatu vyake rangi, nikisema tu "Oluoch," anageuka wote kunitazama.

"Sema, jaber."

Jaber kwa Kijaluo ni mrembo. Nani mwingine mtaa mzima wa Nyalenda anatazamwa hivyo? Ni kama shingo peke yake haitoshi kunipenda.

Jumatano, 26 Machi

Mvua ya kwanza. Paa linavuja mahali pamoja tu, na ni juu ya sufuria. Hata nyumba inatupenda.

Jumapili, 30 Machi

Baada ya kanisa Oluoch alinipeleka Nyamasaria nikaone mchezo wake. Nilijua tu kwamba anapigana mieleka na Mkorea. Sasa nimeona, na moyo wangu bado haujatulia.

Mkorea mwenyewe ni Bwana Seo, mtaalamu wa mpunga kule Ahero. Ni mwembamba, amevaa gambuti hata Jumapili. Nyuma ya kanisa moja amechora duara kubwa na kulijaza mchanga. Mchanga huo mume wangu ndiye aliyeuleta, kwa maana kazi yake ni kuchimba na kupakia mchanga kwenye malori upande wa Katito. Mchezo unaitwa ssireum. Kila mtu anafungwa kitambaa kirefu kiitwacho satba, kinazunguka kiuno na paja la kulia. Wawili wanapiga magoti wakiangaliana, mkono mmoja unashika satba ya mwenzake kiunoni na wa pili pajani, bega la kulia linaegemea bega la kulia, kisha wanainuka pamoja. Wakishainuka, atakayegusa chini kwa goti au sehemu yoyote iliyo juu yake ameanguka. Hakuna ngumi wala teke. Wanavua mashati. (Niliangalia pembeni. Kidogo tu.)

Oluoch aliwaangusha wawili, nikapiga vigelegele hadi Bwana Seo akacheka. Kisha akaja Wakhisi.

Huyu Wakhisi anauza mbao soko la Kibuye. Ni mkubwa kama kabati na hacheki. Alimshika mume wangu, akamzungusha, akamlaza chini kwa ubavu wa kushoto, polepole, kama mtu anayeshusha trei ya mayai. Watu wakacheka. Mimi sikucheka. Kwa nini amlaze hivyo kama mtoto? Wengine wote anawarusha mpaka mchanga unaruka! Alipopita karibu nami akasema, "Bibi harusi, usijali. Mumeo nitakurudishia akiwa mzima."

Kiburi hicho! Sijawahi kumchukia mtu Jumapili.

Alhamisi, 3 Aprili

Mvua. Nimeshona sare za shule saba.

Jumamosi, 5 Aprili

Bwana Seo amenipa kazi! Anarudi kwao Juni. Kabla ya hapo kutakuwa na mashindano tarehe 31 Mei, na ameichagua siku hiyo kwa sababu mwaka huu ndiyo siku ya Dano, sikukuu ya Wakorea ya siku ya tano ya mwezi wa tano, kwa kalenda yao inayofuata mwezi wa angani. Zamani siku hiyo mshindi wa ssireum alipewa ng'ombe dume. Basi hapa pia atapewa dume, na ndiye atakayeachiwa uwanja awe mwalimu. Kwa kuwa mwandiko wangu ni mzuri, niandike historia ya mchezo kwenye karatasi kubwa za manila, kwa Kiswahili. Pia nishone satba mpya, nyekundu na za buluu.

Oluoch alinibeba kutoka mlangoni mpaka cherehani. "Hiyo uwanja ni yangu, jaber. Mchanga wote nimebeba na mgongo wangu. Nitaangusha Wakhisi hata kama ni mara moja tu maishani."

Nikamwambia utamwangusha. Nani angesema vingine?

Jumatano, 9 Aprili

Karatasi ya kwanza imekamilika. Bwana Seo alinionyesha picha kwenye simu, mchoro wa ukutani ndani ya kaburi la kale, zaidi ya miaka elfu moja na mia tano iliyopita. Wanaume wawili wameshikana viuno, kidevu cha kila mmoja juu ya bega la mwenzake. Kando yao amesimama mzee mwenye fimbo, anawatazama.

"Huyu mzee ni nani?" nikauliza.

"Wengine husema ni mwamuzi," akasema Bwana Seo. "Labda anatazama tu. Lakini mchoraji amemweka. Kwa hiyo naye ni sehemu ya mchezo."

Nimemnakili kwa penseli. Fimbo imetoka vizuri kuliko mzee.

Jumapili, 20 Aprili. Pasaka



Tulienda Katito kwa mama mkwe. Mama Perez ananiita nyar Bungoma, binti wa Bungoma, na bado sijui kama ni kwa upendo au ni kuhesabu umbali. Tulikuwa jikoni tukichambua mboga, nikaanza kumsifu mwanawe. Nikamwambia, mama, Oluoch ananipenda sana, nikimwita anageuka mwili mzima.

Akaacha mboga.

"Nyar Bungoma, hiyo si mapenzi. Hiyo ni shingo."

"Shingo gani, mama?"

"Hajakuambia? Mwaka jana ukuta wa mchanga ulimwangukia kule timboni. Wakamfukua kama viazi. Tangu siku hiyo shingo yake haizunguki. Nilisema aende hospitali akasema imepona. Wewe unalala na yeye, hujaona?"

Nilikuwa nimeona. Ndiyo aibu yangu. Nimeona kila siku kwa wiki tano na nimeandika humu kwamba ni mapenzi. Nimeona asubuhi anavyoshuka kitandani kwa kujiviringisha kwanza, nikadhani hataki kuniamsha. Nimeona anavyokunywa chai akiinua kikombe juu badala ya kuinamisha kichwa, nikadhani ni adabu.

Tulipofika nyumbani nikamwambia, geuza kichwa tu, nitazame. Akacheka. Nikamwambia bila mabega. Akaacha kucheka. Akajaribu upande wa kulia na nikaona jasho linatoka juu ya mdomo wake.

"Mkono nao?"

"Vidole viwili hufa ganzi. Wakati mwingine tu."

"Na unaweka shingo hiyo chini ya bega la Wakhisi!"

"Valarie." Hakusema jaber. "Wiki sita tu. Tarehe thelathini na moja ikipita naenda hospitali, naapa. Lakini usiambie Bwana Seo. Usiambie mtu yeyote kuhusu hii shingo. Akijua ataniondoa, na hiyo mchanga yote nitakuwa nimebebea mtu mwingine. Niahidi."

Nikaahidi. Bibi harusi wa wiki tano, nani angekataa? Sasa nimekaa hapa na ahadi yangu, na mvua, na nasikia anavyojiviringisha.

Jumatatu, 21 Aprili

Sikula.

Alhamisi, 24 Aprili

Lorine, jirani yangu, analia omena yake, dagaa wa ziwani kutoka Usenge, haikauki, imeanza kunuka. Akaniuliza, "Na wewe bibi harusi, mbona umekauka ukiwa ndani ya mvua?" Nikacheka. Ahadi ni kama mfupa wa samaki, huwezi kuongea vizuri ukiwa nao kooni.

Alhamisi, 1 Mei

Karatasi ya pili. Ni mchoro wa karne ya kumi na nane, na mambo mengi mno yamo. Watazamaji wameketi duara, viatu viko pembeni, muuza peremende anapita na sinia lake. Katikati mmoja ameinuliwa na yuko karibu kuanguka. Bwana Seo anaipenda kwa sababu watazamaji wa upande mmoja wanaegemea nyuma. "Wanajua ataangukia kwao," akasema.

Mimi nilitafuta mke wa huyo aliyeinuliwa pale kwenye duara. Hakuna hata mwanamke mmoja. Nilimtafuta mpaka macho yakauma.

Jumapili, 4 Mei

Mchanga umelowa. Mchanga uliolowa ni mgumu kama sakafu, sikujua. Wakhisi aliwarusha wanne na kila mmoja alitoa mlio. Zamu ya Oluoch ilipofika nilishika mkono wa Lorine mpaka akaniambia, "Hiyo ni nyama yangu, mama."

Wakhisi akamlaza tena polepole. Ubavu wa kushoto. Safari hii sikuona kiburi. Niliona tu kwamba ni ubavu wa kushoto, kama kila mara.

Sijui niandike nini juu ya hilo.

Jumapili, 11 Mei

Nilimtumia baba yangu picha ya kikundi kizima ili amwone mkwe wake. Akapiga simu papo hapo.

"Huyo mkubwa wa nyuma, mwenye kitambaa chekundu. Anaitwa Wakhisi?"

"Ndiyo. Unamjuaje?"

"Nimjueje! Babake na babu yako walikuwa tumbo moja. Alihama nyumbani ukiwa bado unanyonya. Valarie, huyo ni ndugu yangu. Huyo ni baba yako. Umemsalimia kama baba?"

Nimemsalimia wapi! Nimemlaani! Nilikaa kitako juu ya marundo ya vitambaa.

Maana yake naijua na kila mtu kwetu anaijua. Ndugu ya baba ni baba. Baba wa mke ni mkwe, na mkwe huheshimiwa kwa umbali. Hukai naye kiti kimoja, humwoni bila shati, humshiki hata mkono kwa nguvu. Sembuse kiuno! Sembuse kumtupa chini mbele za watu! Na Wajaluo nao kwa mambo ya wakwe ni wakali vilevile. Nikilisema hili, Oluoch na Wakhisi hawatashikana tena kamwe.

Na sikuahidi kunyamaza juu ya hili. Niliahidi shingo tu.

Nikamwomba baba asimwambie mtu bado.

Jumatano, 14 Mei

Nikisema, namwokoa shingo na kumuua moyo. Nisiposema, moyo utabaki na shingo itavunjika. Nimepika ugali ukaungua chini.

Jumamosi, 17 Mei

Karatasi ya tatu. Japokuwa vita viliigawa nchi yao vipande viwili, pande zote mbili ziliendelea kushikana viuno kwa namna ileile. Mwaka 2018 zikaandikisha ssireum kwa pamoja kuwa urithi wa utamaduni wa dunia. Bwana Seo ndiye aliyenisimulia hilo. Akasema pia kwamba alipokuwa mdogo mchezo huo ulikuwa ukionyeshwa kwenye televisheni na mitaa ilikuwa tupu. Siku hizi vijana wao hawaufuati sana. "Kwa hiyo nikaleta hapa," akasema, kama mtu anayemwachia jirani kuku wake anaposafiri.

Nilitaka kumwambia yote. Kinywa kilifunguka. Nikauliza kama anataka chai.

Jumatatu, 26 Mei

Nimefanya jambo baya. Nilishona satba ya buluu ya Oluoch kwa uzi mmoja badala ya miwili, ili ikatike na pambano lisimame. Nikaiangalia. Kisha nikawaza, ikikatika akiwa ameinuliwa juu?

Nimeifumua yote. Nimeishona kwa mistari minne.

Ijumaa, 30 Mei

Dume limeletwa. Jeusi, lina doa jeupe kwenye paji. Oluoch alilishika pembe akacheka kama mtoto. Vidole viwili havikushika.

Jumamosi, 31 Mei. Dano

Niandike kwa mpangilio.

Asubuhi ilinyesha. Walikuwa wamefunika mchanga kwa turubai, kwa hiyo katikati ulibaki mkavu na kingo zikawa tope. Karatasi zangu nilizitundika ukutani mwa kanisa, na watu walizisoma kwa sauti! Mama Perez alikuja kutoka Katito amevaa kitenge chake cha harusi yetu. Nilimfunga Oluoch satba kwa mikono yangu mwenyewe, kiuno na paja, na yeye akatazama mbele tu kwa sababu hawezi kutazama chini.

"Umekaza sana, jaber."

"Acha ikaze."

Aliwaangusha watatu. Watatu! Kila mara nilikufa nikafufuka. Wakhisi naye aliwarusha wake. Ikabaki fainali, wao wawili, kama kila mtu alivyojua.

Nilimtazama Wakhisi usoni. Wiki zote hizo huwa anatazama chini. Leo alikuwa anatazama dume. Sijui nieleze vipi. Uso ulikuwa umebadilika, kama wa mtu aliyesikia harufu ya chakula.

Wakapiga magoti. Mkono kiunoni, mkono pajani. Bega juu ya bega. Niliona shingo ya mume wangu inaingia chini ya lile bega, na mshipa unasimama. Watu wa upande wangu wakaanza kuegemea nyuma, kama wale wa kwenye mchoro. Wanajua ataangukia kwao! Bwana Seo akainua filimbi.

"Papa!" nikapiga kelele. Kwetu baba huitwa papa. "Papa Wakhisi! Mwachilie mume wangu!"

Mikono ya Wakhisi ilifunguka yenyewe, kama imeungua. Oluoch alibaki amemshika peke yake.

"Nani baba?" akauliza Bwana Seo, filimbi bado mdomoni.

Nikaingia kwenye mchanga na viatu vyangu. "Huyu babake na babu yangu ni tumbo moja. Baba yangu amethibitisha. Huyu ni baba yangu. Ni mkwe wa Oluoch."

Mama Perez akasimama. "Oluoch! Toa mkono! Umeshika mkwe wako suruali mbele ya kanisa!"

Oluoch akaruka nyuma. Sasa uwanja wote ukalipuka. "Mpeeni mkwe shati! Mkwe amesimama uchi!" "Lete koti, jameni!" Mtu akarusha koti la mvua, Wakhisi akalivaa kinyume, mwili wote huo ndani ya koti dogo, akainamisha kichwa. Bwana Seo alifungua kitabu chake cha sheria, akapekua mbele, akapekua nyuma, akakifunga.

"Na dume?" mtu akauliza.

Lorine ndiye aliyejibu, Mungu ambariki. "Dume gani tena? Mkwe amekuja, na ng'ombe iko hapo! Ama nyinyi hamjui kazi ya ng'ombe?"

Kicheko kilifika barabarani. Lakini mimi nilikuwa namtazama Oluoch. Alisimama katikati ya mchanga wake, uso kama jiwe, na nikajua nimemaliza ndoa yangu ikiwa na wiki kumi na moja. Kisha akatembea hadi kwa dume, akafungua kamba, akamletea Wakhisi kwa mikono miwili, akisimama mbali kama inavyotakiwa.

"Mkwe, pokea."

"Amelipa mahari bila kuanguka!" wakaimba. Mama Perez akapiga vigelegele vya kwanza.

Baadaye Wakhisi alinikuta nikikunja karatasi zangu. Hakunikaribia sana. "Mwanangu," akasema. "Shingo yake naijua tangu Februari. Ukiegemea mtu hivyo unasikia kila kitu. Inatetemeka kama waya wa stima. Ndiyo nikawa namlaza upande ule mzima. Sikusema kwa sababu yeye hakusema."

"Kwa hiyo hata leo ungemlaza polepole?" Nilijisikia mjinga. "Basi nimeharibu bure."

Akatazama kamba ya dume mkononi mwake.

"Leo sijui," akasema. "Leo kulikuwa na ng'ombe. Asante kwa kuniita."

Jumapili, 1 Juni

Oluoch alikuwa hajasema neno tangu jana. Asubuhi nilimpelekea chai, nikasema, nigombeze tu, tumalize.

Akainua kikombe juu, akanywa, akakiweka. "Tulipopiga magoti mkono wote ulikufa. Si vidole, mkono wote. Nikajua nikiinuka sirudi. Na bado ningeinuka. Mbele ya watu wale wote ningeinuka." Kisha akasema, "Sauti yako ni mbaya sana ukipiga kelele, jaber."

Jaber!

Alasiri alikuja Bwana Seo. Nilimwambia Oluoch, sema wewe. Akasema mwenyewe, shingo na timbo na kila kitu. Bwana Seo alisikiliza, akainuka, akachukua karatasi yangu ya kwanza na kuitandaza mezani. Akaweka kidole juu ya yule mzee mwenye fimbo.

"Bwana Wakhisi atafundisha kushika," akasema. "Wewe utasimama hapa."

Oluoch akaitazama. "Hiyo fimbo imechorwa vizuri," akasema.

Jumanne, 3 Juni

Hospitali. Eksirei. Daktari alisema maneno mengi, mimi nilisikia moja tu: tumewahi. Kola ya shingo miezi mitatu, mazoezi, hakuna timbo, hakuna kupigana. Alituuliza nani alimzuia asipigane, Oluoch akanionyesha kwa kidole gumba kwa sababu kichwa hakiwezi.

Jumatano, 4 Juni

Mvua imepungua. Lorine ameanika omena.

Kola ni nyeupe na inamfanya aonekane kama padri. Nilikuwa kwenye cherehani, yeye mlangoni akitazama barabara, nikamwita kidogo tu, nione. Akageuka mwili mzima. Mabega, kifua, miguu, vyote.

Sasa najua ni kwa nini. Na bado, naapa, yalikuwa mapenzi.